Saluni Yako Kwenye Simu ya Mteja: Kujitangaza Mtandaoni Bila Kupoteza Imani ya Watu

Ni Ijumaa jioni. Dada mmoja wa Kisauni ana harusi ya binamu yake Jumapili, na msusi wake wa kila siku amesafiri. Anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa: "Jamani, nani anajua msusi mzuri wa karibu?" Dakika kumi hazijaisha ametumiwa nambari tatu. Ya kwanza haina picha wala jina. Ya pili ina jina la kumetameta na picha za wanamitindo ambao, kwa kuwatazama tu, hawajawahi kukanyaga Kongowea. Ya tatu ina picha sita za vichwa vilivyosukwa, zote zimepigwa mbele ya ukuta uleule wa samawati. Chini ya kila picha kuna bei, na juu pameandikwa: "Nyuma ya soko la Kongowea, mlango wa samawati. Jumatatu hatufungui."

Utajua mwenyewe ni nambari gani iliyopigiwa simu.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila msomaji amewahi kuwa dada huyo, na wengi wenye biashara za urembo katika Kaunti ya Mombasa wamewahi kuwa ile nambari ya kwanza au ya pili bila kujua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi chema chenyewe kiko ghorofa ya pili, ndani ya uchochoro, na mteja anapita barabarani macho yakiwa kwenye simu. Makala haya yanawahusu wasusi, vinyozi, wachoraji hina, watengeneza kucha na wapambaji wa maharusi ambao hawana bajeti ya matangazo na wala hawana haja nayo kubwa.

Mteja anatafuta nini hasa

Biashara ya urembo ina jambo ambalo duka la sukari halina. Sukari ya duka hili na ya duka lile ni moja. Lakini anayeketi kwenye kiti chako anakukabidhi kichwa chake, ngozi yake, wembe karibu na shingo yake au dawa kwenye nywele zake. Ukiharibu, atakaa na uharibifu huo wiki kadhaa na watu watamuuliza. Kwa hivyo anapofungua ukurasa wako anatafuta ushahidi wa mambo machache: kwamba kazi hii umeifanya kweli, umeifanya kwa watu wanaofanana naye, unapatikana mahali panapojulikana, na hutambadilishia bei akishafika.

Wengi hukimbilia kuhesabu wafuasi. Msusi mwenye wafuasi 300 wanaoishi Mikindani, Magongo na Changamwe ana mtaji kuliko mwenye wafuasi 10,000 waliotawanyika kutoka Nairobi hadi Lagos, ambao hata mmoja hatapanda matatu kuja kusukwa. Kununua wafuasi ndiyo pesa iliyotupwa kabisa.

Jina moja kila mahali

Anza na jina. Mara nyingi utakuta kibao cha nje kinasema hivi, Facebook inasema vile, na M-Pesa inaleta jina la tatu. Mteja aliyeambiwa alipe pesa kidogo ya kushika nafasi akiona jina geni kwenye simu yake, anasita, na ana haki ya kusita, maana watu wameibiwa kwa njia hiyohiyo. Chagua jina fupi linalotamkika na kuandikika kwa urahisi, kisha litumie lilelile kwenye kibao, WhatsApp, Instagram, TikTok, Facebook na kwenye nambari yako ya Till. Nambari ya Till humwonyesha anayelipa jina la biashara, na hilo peke yake ni tangazo la uaminifu. Anayeanza na hajafika huko anaweza kutumia Pochi la Biashara, inayopatikana kwa kubonyeza *334#. Pochi hutenga pesa za kazi na pesa zako za nyumbani, na mteja hawezi kuyarudisha malipo mwenyewe akishaondoka na nywele zake.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara. Hapa kuna kosa ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kusajili jina la biashara si sawa na kulimiliki jina hilo kama chapa. Anayetaka kulinda jina na nembo yake ili mwingine asivitumie huomba usajili wa alama ya biashara kwa Taasisi ya Umiliki wa Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Saluni ya viti viwili pengine haihitaji hilo mwaka huu. Ukianza kutengeneza mafuta yako ya nywele na kuyatia kwenye chupa zenye jina lako, lifikirie mapema.

Kuhusu kibao cha nje, kumbuka kuwa matangazo ya nje ya majengo na barabarani yamo katika majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kuyasimamia, sawa na leseni za biashara. Ukurasa wa Facebook haumo katika orodha hiyo. Hata hivyo ukurasa hauchukui nafasi ya leseni. Anayesuka sebuleni kwake na kujitangaza mtandaoni anafanya biashara kama mwenye duka barabarani, na afisa wa biashara au wa afya ya umma anaweza kumwona kwenye simu kama vile mteja anavyomwona.

Picha: mlango ulio wazi na kitambaa kisafi

Huhitaji kamera ya kukodi. Simu ya kawaida inatosha ukizingatia mambo ambayo hayana gharama. Kwanza, futa lenzi. Simu ya msusi hushikwa na mikono yenye mafuta na jeli siku nzima, na zile picha zenye ukungu unazozilaumu kwa simu mbovu mara nyingi ni mafuta tu. Pili, mtoe mteja karibu na mlango au dirisha. Taa nyeupe za dari hutoa kivuli usoni na kubadilisha rangi ya ngozi. Mwanga wa mlangoni, hasa asubuhi kabla ya jua kuwa kali au alasiri baada ya saa kumi, huonyesha mistari ya matuta na kingo za fedi bila kuhitaji kuhariri kitu. Tatu, chagua ukuta mmoja. Ukiupaka rangi moja au ukatundika leso moja, na picha zako zote zikapigwa hapo, baada ya miezi miwili watu wataanza kuitambua kazi yako kabla hawajasoma jina. Watu hulipa pesa nyingi kutafuta kitu hicho, nawe umekipata kwa mkebe wa rangi.

Piga picha tatu za kila kazi nzuri: nyuma, ubavuni, na moja ya karibu sana inayoonyesha jinsi nywele zilivyogawanywa au ncha zilivyomalizwa. Mchoraji hina apige mkono ukiwa umekauka na hina imekwisha kubanduliwa, maana rangi ndiyo mteja anayoilipia, si udongo mbichi. Kwa kinyozi, video ya sekunde kumi na tano ya kichwa kikizungushwa polepole hufanya kazi kuliko picha kumi.

Usiweke kazi ya mwenzako ukaiita yako. Tunajua inafanyika sana, na wengine hawaoni kosa: "Nimeweka kama mfano tu wa mtindo." Basi andika hivyo, useme ni mfano na si kazi yako, na umtaje aliyeifanya. Mteja aliyekuja na picha uliyoiweka wewe, akaondoka na kitu kingine, hatasema picha ilikuwa mfano. Atasema umemdanganya. Zaidi ya hayo picha ni mali ya aliyeipiga, na anaweza kudai iondolewe. Kama ndio unaanza na huna kazi za kuonyesha, suka dada zako, binamu, na majirani watano kwa bei ya nywele tu, kwa makubaliano kwamba utapiga picha.

Uso wa mteja si wako

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo biashara ndogo inaweza kuanguka kwa siku moja.

Katika pwani yetu wanawake wengi hawafunui nywele ila nyumbani na saluni. Ndiyo maana mlango wa saluni una pazia. Mteja amevua buibui na mtandio kwa sababu ameliamini pazia hilo. Sasa fundi msaidizi anainua simu kurekodi video ya TikTok ya mteja mmoja aliyekubali. Nyuma yake kuna kioo, na ndani ya kioo wamo wanawake watatu waliokaa wakisubiri, vichwa wazi. Hakuna aliyewauliza. Video ikifika kwa mume, baba, au jamaa wa mbali, pazia lile halina maana tena, na wanawake wale hawatarudi. Wala hawatakuja wenzao watakaosimuliwa.

Kando ya heshima, kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake, na ridhaa hiyo iwe ya hiari na ya jambo mahususi: aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya kumbukumbu yake hajakubali kuwekwa Instagram. Anaweza kuiondoa ridhaa wakati wowote. Kwa mtoto, anayeridhia ni mzazi au mlezi. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mzozo ukitokea, anayetakiwa kuthibitisha kuwa ridhaa ilitolewa ni mwenye biashara, si mteja.

Si sheria ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza sehemu moja ya burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Shule moja, kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, ilitozwa shilingi 4,550,000. Udogo wa biashara hauondoi wajibu huo, na aliyeumizwa ana haki pia ya kudai fidia.

Kujilinda si kazi ngumu. Uliza kabla ya kazi kuanza, si wakati mteja anatafuta pesa alipe aondoke. Maneno kama haya yanatosha:

"Dada, kazi ikimalizika naomba kupiga picha ya nyuma ya kichwa, uso hautaonekana. Nitaiweka Instagram na WhatsApp ya saluni. Ukikataa hakuna neno, na bei ni ileile."

Akikubali, mtumie picha hiyo kwa WhatsApp ukiandika: "Hii ndiyo nitakayoiweka, sawa?" Jibu lake la "sawa" ndio ushahidi wako, na limejihifadhi lenyewe kwenye simu. Akiandika baada ya mwezi kwamba anataka itolewe, itoe siku hiyohiyo bila kuuliza sababu. Pengine ameolewa, amebadilisha kazi, au hataki tu. Geuza kiti cha picha ili kioo kiwe upande wa simu na si nyuma ya mteja. Waambie wafanyakazi wazi kwamba hakuna kurekodi kwa simu zao binafsi wala kwenda mubashara wateja wakiwa ndani. Baadhi ya wasusi wamegeuza hili kuwa sifa ya biashara yao kwa kuandika juu ya ukurasa: "Hatupigi picha bila ruhusa. Kuna chumba cha faragha." Kwa wateja wengi wa hapa, sentensi hizo mbili zina nguvu kuliko punguzo lolote la bei.

WhatsApp kwanza, mengine baadaye

Watu huuliza waanzie wapi kati ya Instagram, TikTok na Facebook. Jibu letu ni WhatsApp Business. Ni programu ya bure, tofauti na WhatsApp ya kawaida, na wateja wako tayari wako humo. Nambari moja haiwezi kutumika kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo ni vizuri kuwa na laini ya kazi peke yake. Ndani yake utaweka anwani, saa za kazi, na katalogi: kila mtindo na picha yake, bei yake na muda unaochukua. Unaweza kuandika majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia, na ujumbe unaojituma wenyewe usiku ukiwa umelala. Pia kuna lebo za rangi za kuwatenga waliolipa, waliopanga siku na wanaouliza tu. Lebo hizi huonekana kitu kidogo hadi ifike wiki ya Idi, wakati watu arobaini wanataka hina usiku mmoja.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu hadi 256, na huwafikia wale tu waliohifadhi nambari yako. Kwa hivyo usimwache mteja aondoke kabla hajakuhifadhi. Mtumie picha ya kazi yake papo hapo, atahifadhi. Kisha usimchoshe. Ujumbe mmoja kwa wiki wenye jambo ndani yake, kwa mfano nafasi iliyobaki wazi Jumamosi, unatosha. Asubuhi njema zenye picha za maua kila siku ndizo zinazofanya watu wakuzuie. Status ya WhatsApp hudumu saa 24 na haimsumbui asiyetaka kuitazama, kwa hivyo kazi za kila siku ziweke huko.

Instagram ni kabati lako la maonyesho: picha safi, chache, zinazodumu. TikTok inaweza kukupeleka kwa watu wasiokujua, nayo hupenda kazi ikiwa inafanyika, kama mkono wa mchoraji hina ukitembea au kichwa kabla na baada. Ukifungua akaunti ya biashara, tumia muziki kutoka maktaba yake iliyoruhusiwa kwa biashara. Facebook bado ina nguvu kwenye vikundi vya mitaa na kwa wateja wa umri wa kina mama. Huna haja ya kuwa kote. Ukurasa mmoja unaojibiwa unashinda kurasa nne zilizokufa, na ukurasa ambao picha ya mwisho ni ya miaka miwili iliyopita humwambia mteja kwamba mmefunga.

Kitu kimoja kinachosahaulika ni Google. Kujiandikisha kwenye ramani yake kama biashara ni bure, na mtalii aliyeko hotelini Bamburi au Shanzu akiandika "saluni karibu nami" ataletewa waliojiandikisha. Andika pia alama ya mtaa inayojulikana: mkabala na msikiti gani, kituo gani cha matatu, upande gani wa duka la dawa. Ramani humfikisha mtu barabarani, lakini uchochoro anaonyeshwa na maneno yako.

"Bei njoo inboksi"

Tuseme ukweli: tabia hii inawaudhi wakaazi. Mtu anauliza bei hadharani, anajibiwa aingie inboksi, na huko anajibiwa baada ya saa sita kwa bei inayoonekana kupimwa kwa picha yake ya wasifu. Wenye biashara wana hoja zao. Wanasema washindani watawapunguzia, na kwamba nywele hazifanani. Hoja ya pili ina ukweli, na dawa yake ni kuandika bei ya kuanzia pamoja na kinachoibadilisha. Mfano: "Rasta za kufika mabegani ni kuanzia 1,500, nywele zako mwenyewe. Tukikununulia nywele sisi, ongeza 600. Zinachukua saa nne." Takwimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Anayesoma hivyo na kuona hawezi hatakusumbua, na anayeandika tayari amekubali.

Kama unaomba pesa ya kushika nafasi, andika kabla: ni kiasi gani, inarudishwa lini, na mteja akichelewa nini kitatokea. Nawe ukichelewa? Liandike hilo pia. Mteja aliyepangiwa saa tatu akakuta wanne mbele yake anakumbuka hilo kuliko uzuri wa kazi.

Ukitaka kulipia tangazo

Facebook na Instagram hukuruhusu kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi, na unaweza kuanza na pesa kidogo. Lipia posti ambayo tayari watu wameipenda bila malipo. Iliyokosa kupendwa haitaponywa na pesa. Chagua eneo kwa akili. Mtu wa Likoni hatavuka feri kwa ajili ya matuta ya shilingi 300, ingawa anaweza kuvuka kwa ajili ya kupambwa harusi. Kwa huduma za bei ndogo, tangazo libaki upande wako wa kivuko. Usilipie miezi ambayo umejaa. Lipia wiki mbili kabla ya misimu unayoijua: Idi, Desemba, kufunguliwa kwa shule, na miezi ya harusi. Siku za Ramadhani watu hushika simu sana baada ya futari na taraweh, kwa hivyo posti ya saa nne usiku itaonwa kuliko ya adhuhuri.

Usiahidi usichokijua

Maneno ya kwenye posti ni ahadi. "Nywele zitaota kwa wiki mbili," "madoa yote yataisha," "ngozi itang'aa siku saba" ni ahadi ambazo hakuna msusi anayeweza kuzitimiza, na zile za ngozi zina hatari ndani yake. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliruhusu vipodozi vyenye zebaki wala haidrokwinoni, na krimu nyingi za kung'arisha haraka hubeba mojawapo. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Usitangaze chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, isiyo na tarehe, iliyoletwa na mtu kwenye mkoba. Posti hiyo ni ushahidi dhidi yako, na ina jina lako.

Wachoraji wa Mji wa Kale na wa fukweni watatuvumilia tukitaja piko. Hina safi huacha rangi ya chungwa hadi kahawia. Ule weusi wa papo hapo mara nyingi hutokana na kemikali ya kutia rangi nywele, inayojulikana kwa kifupi kama PPD, ambayo inaweza kuchoma ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu. Mtalii aliyeungua huondoka na kovu hadi kwao na kuandika jina lako kwenye ramani ya Google, ambako litasomwa na wote watakaokuja. Andika wazi unachotumia. "Hina ya majani, hatuchanganyi kemikali" ni tangazo zuri, mradi liwe kweli.

Mtu akilalamika hadharani

Itatokea. Usifute, usitukane, na usiwaite jamaa zako waje kumshambulia. Jibu moja la adabu hadharani, halafu mazungumzo ya faragha: "Pole sana dada. Tumeona. Tafadhali njoo kesho asubuhi turekebishe bila malipo, au tupigie tuelewane." Wanaosoma kimya, ambao ni wengi kuliko mlalamikaji, hawapimi nani ana haki. Wanaangalia unavyomtendea mtu aliyekasirika, maana wanajua siku moja wanaweza kuwa wao. Ukirekebisha, muombe aandike kuwa mmemalizana. Wengine wataandika.

Funguo za akaunti

Akaunti iwe kwa nambari na barua pepe ya mwenye biashara. Mara kwa mara ukurasa hufunguliwa na kijana wa kazi kwa simu yake, anakwenda kufungua saluni yake, na wateja wa miaka mitatu wanakwenda naye. Pengine hakuwa na nia mbaya, lakini nambari ni yake.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ili akaunti idai nambari ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe. Na mtu yeyote akikuandikia, hata akiwa rafiki, kwamba "nimekutumia nambari kwa makosa, nisomee," usimsomee. Hiyo ndiyo nambari ya kuihamishia akaunti yako kwake, na baada ya dakika tano ataanza kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Ukikuta ukurasa wa bandia unaotumia picha zako kukusanya pesa za kushika nafasi, piga picha za skrini kabla ya kuuripoti kwa mtandao wenyewe, watangazie wateja kupitia Status, kisha upeleke taarifa kituo cha polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ili kudanganya ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Mwisho, weka daftari la shilingi ishirini karibu na kiti. Kila mteja mpya akikaa, muulize ametujulia wapi, na uandike neno moja: rafiki, kibao, WhatsApp, TikTok, ramani. Usiulize wafuasi wako wameongezeka kiasi gani hadi daftari hilo lifike miezi mitatu. Ukikuta "rafiki" imeandikwa mara thelathini na "TikTok" mara moja, punguza saa za kuhariri video, na wale thelathini watafutie sababu ya kuleta mtu wa pili.